Tuonyesheni Maji, Si Mgeni Rasmi

Picha yenyewe mnaijua. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, kwaya imesimama juani tangu asubuhi, utepe mwekundu umezungushwa kwenye bomba jipya. Mgeni rasmi anasogea, anakata utepe, anafungua koki, maji yanaruka. Vigelegele! Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anainama, mgeni rasmi anamtwisha ndoo, kamera zinamkaribia. Inasomwa risala, inatolewa hotuba, zinatajwa gharama za mradi, zinatolewa shukrani kwa majina na vyeo. Dakika tatu zimekwisha, na habari inayofuata ni ya kuweka jiwe la msingi.

Mimi ni mtu wa Singida, na ninauliza swali ambalo katika habari za namna hiyo sijawahi kulisikia: ndani ya ile ndoo mna nini?

Ninauliza kwa sababu jibu ninalo mdomoni. Meno yangu yana michirizi ya kahawia niliyoipata kabla sijafika darasa la pili. Nilipokwenda kusoma sekondari mkoa mwingine nilijifunza kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Niliambiwa sipigi mswaki. Nilisugua kwa mkaa, nikasugua kwa chumvi na majivu, mpaka fizi zikatoa damu. Nyumbani tulikuwa na redio, baadaye tukapata televisheni, na katika miaka yote hiyo hakuna sauti iliyotoka kwenye chombo chochote kuniambia jambo ambalo wataalamu walikuwa wakilijua siku nyingi: rangi ile haitoki kwa mswaki, kwa sababu haikuja kwa uchafu. Ilikuja kwa maji.

Inaitwa floraidi. Ile miamba ya granaiti iliyopandana kuuzunguka mji wetu, pamoja na mawe ya volkano ya Bonde la Ufa upande wa kaskazini, ina madini hayo. Maji yanayokaa ardhini miaka mingi huyayeyusha, nasi tunachimba kisima kirefu na kuyapandisha juu. Floraidi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi, huyaharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja. Sisi, kwa uhaba wa maji, kwa miaka mingi tulijiruhusu kufika miligramu 4 kabla ya kushusha kiwango chetu cha taifa. Na katika ukanda huu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga viko visima vinavyoivuka hata hiyo 4. Mtu akinywa maji makali namna hiyo kwa makumi ya miaka, balaa huhama menoni na kuingia mifupani, mgongo ukakakamaa na viungo vikauma.

Sasa sikilizeni mambo ambayo mama yule mwenye ndoo angeweza kuambiwa katika dakika zile zile tatu.

Kwanza, kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kuchemsha huua vijidudu, na ni lazima tuendelee kuchemsha. Lakini maji yanayopungua sufuriani kwa mvuke huacha floraidi yote nyuma, na yale yanayobaki yanakuwa makali zaidi. Pili, miaka ya hatari kwa meno ni tangu kuzaliwa hadi karibu miaka minane, wakati meno ya ukubwani yanaumbika. Kwa hiyo nyumba isiyo na uwezo wa kuwapatia wote maji salama ianze na watoto wadogo. Tatu, magadi tunayotia kwenye mlenda na maharage yanaweza kubeba floraidi nyingi, hata pale ambapo maji ya kisima si mabaya. Nne, maji ya mvua hayana tatizo hili. Bati la mita za mraba 50, mahali panaponyesha milimita 600 kwa msimu, hupokea lita 30,000. Watoto watatu wakitumia lita tatu kila mmoja kwa siku, za kunywa na za uji, kwa miezi saba ya kiangazi wanamaliza lita zisizofika 2,000. Tanki moja la plastiki! Tano, mifupa ya ng'ombe ikichomwa ipasavyo ikawa mkaa hunasa floraidi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeifanyia kazi njia hiyo kwa miaka mingi. Na mkoa huu wa wafugaji haukosi mifupa. Sita, mwaka 2015 mhandisi wetu wa kemia Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu, alitunukiwa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza kwa chujio lake linalounganisha mchanga na teknolojia ya chembe ndogo mno. Chujio hilo linaweza kutengenezwa kufuatana na uchafu wa maji ya mahali husika, floraidi ikiwemo.

Mambo sita. Hata moja halihitaji mtambo wa kwenda mwezini. Yote yanasemeka kwa Kiswahili cha sokoni, na yote yanaingia katika muda uliotumika kusoma orodha ya waliohudhuria. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni rasmi amekuja, ameondoka na msafara wake, na mwenyeji hajapona, kwa sababu aliyetumwa kutuonyesha maji ametuonyesha mgeni.

Hili ndilo shtaka langu dhidi ya televisheni zetu, na kwa televisheni ya umma nalitamka kwa sauti ya juu zaidi kwa kuwa ile ni yetu. Inaendeshwa kwa ruzuku, na ruzuku ni kodi. Mkulima wa vitunguu anayeshusha magunia soko la Misuna ameichangia. Mama muuza kuku wa kienyeji stendi ameichangia kila aliponunua sabuni na sukari. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Maisha na shughuli! Nani amekaa meza kuu si maisha yangu. Kilichomo kwenye bomba ndiyo maisha yangu.

Tumezoea kuamini kuwa sayansi ni kipindi, kitu cha kupachikwa saa ambayo hakuna mtu nyumbani, chenye picha za maabara za nchi za watu na sauti iliyotafsiriwa. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Sayansi ni lile swali la pili katika habari yoyote. Swali la kwanza ni nani kafanya nini na wapi. La pili ni hili: kitu chenyewe ni nini, kinafanyaje kazi, na mimi ninayetazama nifanye nini kesho asubuhi? Sisi tumejenga taarifa ya habari yenye swali la kwanza peke yake, na kila usiku saa mbili taifa zima linaketi kuletewa nusu ya habari.

Mnataka ushahidi zaidi? Chukueni mvua. Kila mwaka kuelekea Novemba, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua, sisi tukiwemo. Mtangazaji anasoma kwa sauti nzuri kwamba Singida itapata mvua za wastani hadi chini ya wastani, kisha anaingia kwenye michezo. Baba yangu mdogo kule Iramba, mtu aliyelima tangu kabla sijazaliwa, alinigeukia siku moja akaniuliza, "Mwanangu, huo wastani ndiyo kiasi gani?" Nilikuwa sijui. Nikaenda kutafuta. Katika lugha ya Mamlaka, wastani ni kati ya asilimia 75 na 125 ya mvua ambayo eneo limekuwa likipata kwa miaka mingi. Basi fanyeni hesabu. Mahali pa milimita 600, wastani unaanzia 450 na kufika 750. Mkulima wa mahindi akipata 450 zilizonyesha hovyo, ameumia. Akipata 750 zilizopangika, anapaua nyumba. Yote mawili yanaitwa wastani! Wataalamu hawakusema uongo. Walitumia lugha ya kazi yao, na kuna ramani na maelezo ya wilaya kwa wilaya yanayoambatana na ule utabiri. Aliyekosekana ni mtu wa katikati, ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya kamera na mitungi mitatu ya maji, akamwonyesha baba mdogo tofauti kati ya 450 na 750, kisha akamwambia: kwa utabiri huu gawa shamba, mahindi sehemu ndogo, mtama na uwele sehemu kubwa, na usikimbilie kupanda kwa manyunyu ya kwanza. Mtu huyo wa katikati anaitwa mwandishi wa habari.

Njooni kwenye alizeti, zao lililoubeba mkoa huu. Kila mtoto wa hapa ameona kwamba alizeti changa hulifuata jua kutoka mawio hadi machweo, na ikishakomaa huacha kuzunguka, shamba zima likabaki limeelekeza nyuso mashariki. Tunayaona hayo kila mwaka. Waliokwenda kuyapima ni watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, na mwaka 2016 walitoa majibu: ua linaloelekea mashariki hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hulijia hata mara tano kuliko ua lililogeuzwa magharibi. Kwa mtu wa California hiyo ni habari ya kupendeza. Kwa mtu wa Ikungi ni habari ya mfukoni. Maana yake ni kwamba asubuhi shamba lako lina vibarua usiowalipa, na ukipulizia dawa ya wadudu wakati maua yamechanua na nyuki wako kazini, umeua vibarua wako kwa mkono wako. Maana yake pia ni kwamba mfugaji nyuki wa Manyoni au Itigi na mkulima wa alizeti si watu wa idara mbili tofauti. Mizinga pembezoni mwa shamba ni asali na ni mbegu zilizojaa. Mwaka 2021 tuliambiwa nchi inahitaji takriban tani 570,000 za mafuta ya kula na inazalisha takriban 205,000. Pengo hilo tumelisikia likisomwa bungeni, tumeona mbegu zikigawiwa kwa mikono miwili mbele ya kamera. Nyuki hatujamwona. Nyuki hana cheo, hana dereva, hana mtu wa kumtafutia waandishi.

Na kuna mahali ambapo kukosa swali la pili si hasara ya gunia. Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Hanang ni mpaka na sisi. Msiba ule ulikuwa msiba wetu. Walikufa watu zaidi ya 80. Wengi siku zile waliuliza kama mlima umelipuka, kwa kuwa Hanang ni volkano ya kale. Wataalamu wa jiolojia walijibu: hapakuwa na mlipuko wala tetemeko, ila sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ililowa mvua kubwa, ikanyonya maji, ikashindwa kujishikilia, ikashuka. Sentensi hiyo moja ilistahili wiki nzima ya televisheni. Ilistahili meza yenye udongo, jiwe na birika la maji, ili kila mtu anayeishi chini ya mteremko, Hanang, Uluguru, Usambara au Rungwe, ajue mlima unaokaribia kushuka unaonyesha dalili gani: mpasuko mpya juu ya kilima, miti inayoanza kuinama, chemchemi inayofumuka pasipokuwa na chemchemi, mto unaokauka ghafla wakati mvua inanyesha au unaobadilika kuwa tope. Mnaona dalili hizo, mnachukua watoto na kuondoka. Vyombo mtavirudia baadaye. Tulihesabiwa majeneza, tukaonyeshwa magunia ya unga na blanketi, tukasomewa salamu za rambirambi. Ni sawa, wafu waliliwe na waliosalia wafarijiwe. Lakini aliye hai chini ya mlima mwingine naye alikuwa akitazama, na aliondoka mbele ya kioo akiwa na huzuni tu, bila maarifa ya kumwokoa.

Jambo jingine linaniuma zaidi kwa kuwa ni aibu ya heshima yetu. Wilayani Mkalama, upande wa Ziwa Eyasi, wanaishi ndugu zetu Wahadzabe. Duniani hakuna mtaalamu wa lishe asiyewajua. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walipima nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku, wakakuta kuwa hawa wanaotembea na kuwinda kutwa hutumia karibu sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini, na jibu hilo likatikisa yale yaliyodhaniwa kuhusu mazoezi na unene. Mwaka 2017 wengine wakaonyesha kuwa vijidudu vya tumboni mwa Wahadzabe hubadilika kwa majira, baadhi vikipotea masika na kurudi kiangazi. Maarifa hayo yametoka huku kwetu, kuzunguka Ziwa Eyasi, kwenye damu na jasho la Watanzania, na yamezunguka dunia nzima. Hapa nyumbani Mhadzabe akionekana kwenye kioo mara nyingi ni ngozi, upinde na ngoma ya kumkaribisha kiongozi. Tumemfanya pambo, naye kwa wenzetu ni mwalimu.

Msiniambie kuwa haya hayawezekani katika nchi yetu, maana yalishafanyika tukiwa maskini kuliko leo. Mwaka 1973 hapakuwa na televisheni Tanzania Bara. Palikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, betri na hiari ya watu. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi, kwenye nchi ambayo sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12 na ushei. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, kitabu chepesi na redio. Kipindi kinasikilizwa, kitabu kinasomwa kwa sauti, watu wanajadiliana: malaria inaletwa na nini, kichocho kinaingiaje mwilini, kuhara kunatoka wapi. Kisha, na hapa ndipo penye siri, wanainuka na kufanya. Walifukia madimbwi, wakafyeka vichaka, wakachimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Chombo cha umma kilimchukulia mwanakijiji kuwa mtu mwenye akili, anayeweza kuelezwa sababu na akatenda. Wakati huo huo, kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976, India ilikuwa ikirusha kwa setilaiti vipindi vya kilimo, afya na masomo kwenye vijiji takriban 2,400 ambavyo vingi havikuwa vimewahi kuona picha inayotembea. Nchi maskini mbili, wazo moja: aliye mbali zaidi ndiye wa kuelezwa kwanza.

Sisi tulipata vituo binafsi mwaka 1994 na televisheni ya taifa mwaka 2000. Usiku wa 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ikazima mitambo ya analojia na mikoa ikafuata kwa zamu. Huku kwetu watu waliuza kuku na vitunguu wakanunua ving'amuzi. Walitimiza wajibu wao. Picha ikawa safi kweli, kila uzi wa utepe mwekundu unaonekana.

Najua majibu nitakayopewa, na nitayachukua moja moja.

Kwamba watu hawapendi sayansi, wanapenda mpira na tamthilia. Mwaka 2014 vijana wa Dar es Salaam walianza kurusha Ubongo Kids kupitia TBC1, katuni ya Kiswahili inayofundisha hesabu na sayansi, na leo inatazamwa katika nchi nyingi za Afrika. Watoto wamekariri nyimbo zake. Naisifu TBC, televisheni yetu ya umma, kwa kuipokea, na ninauliza: kama mtoto wa miaka saba anastahili kuelezwa kwa nini, mama yake anastahili nini? Nendeni kibanda umiza chochote hapa mjini Jumamosi jioni msikilize vijana wanavyochambua mkeka, uwezekano wa timu hii kushinda na ile kutoka sare. Anayeweza hesabu hiyo anaweza kuelewa utabiri wa mvua. Hajaelezwa tu na mtu anayemheshimu.

Kwamba hakuna fedha. Fedha zimekwisha kutoka! Gari limekwenda kijijini, mafuta yameungua, kamera iko pale, mwandishi yuko pale, mgeni rasmi yuko pale, na mara nyingi hata mhandisi wa maji yuko pale, amesimama nyuma ya mstari akisubiri kutambulishwa kwa cheo chake. Mwiteni mbele. Mwekeeni kipaza sauti. Muulizeni: maji haya yamepimwa lini, floraidi ni miligramu ngapi, na karatasi ya majibu iko wapi? Swali halina posho.

Kwamba Kiswahili hakina maneno. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yako kabatini miaka zaidi ya thelathini, yanangoja kutamkwa. Na kumbukeni ni nani anayangoja. Shule ya msingi tumefundishwa kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mtu aliyeishia darasa la saba, naye ndiye mkulima wetu, ndiye mama wa ndoo, hana mlango mwingine wa kuingilia kwenye sayansi isipokuwa redio na televisheni zinazosema lugha yake. Ukiufunga huo, umemfungia nje maisha yake yote.

Kwamba siku hizi kuna simu. Simu ipo, na bando lina bei, na humo humo kwenye simu ndimo kila siku ninamotumiwa dawa ya kusafisha meno ya kahawia kwa betri iliyosagwa na ndimu. Uongo unasafiri bila kulala. Chombo cha umma kipo ili kuwe na mahali pamoja ambapo jambo limehakikishwa kabla halijasemwa.

Nanyi wataalamu wetu msijifiche nyuma ya wanahabari. Mnapima visima vyetu, mnachukua udongo wetu, mnahesabu meno ya watoto wetu shuleni, kisha mnaandika kwa Kiingereza kwenye majarida ambayo hata afisa elimu wa kata hawezi kuyafungua bila kulipia. Aliyetoa mate yake kwa utafiti ana haki ya kuambiwa majibu. Mkiitwa kwenye televisheni njooni na mtungi, jiwe na mbegu. Karatasi ya hotuba iacheni nyumbani.

Mwandishi kijana aliyetumwa Ikungi simlaumu. Amepewa saa mbili na gari la kuazima, na anajua kuwa habari itakayorudi bila sura ya mgeni rasmi itatupwa. Nawalaumu wanaoitupa. Nawalaumu wahariri waliokubali kuwa kipimo cha habari ni ukubwa wa aliyehudhuria.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja la kuanzia, tena la siku moja. Tangu mwaka 1996 Umoja wa Mataifa umeitenga 21 Novemba kuwa Siku ya Televisheni Duniani. Kwetu tarehe hiyo mashamba yamesafishwa, jembe liko begani, macho yako mawinguni. Televisheni ya umma itupe siku hiyo, kutwa nzima, habari na sayansi pamoja, nayo ianzie Singida. Asubuhi, mtaalamu wa hali ya hewa atueleze wastani kwa milimita na mitungi. Saa nne, mabwana shamba na wafugaji nyuki wasimame katika shamba moja. Mchana, wanajiolojia watufundishe kuusoma mlima. Alasiri, mpima maji aende na kifaa chake kisima kwa kisima, mbele ya wenye kisima, na namba isomwe hapo hapo. Jioni, mtu wa Ngurdoto achome mifupa tuione, na anayejua kupiga hesabu ya bati na tanki aipige ubaoni. Halafu saa mbili usiku taarifa ya habari ifunguliwe kwa namba ile: kisima fulani, miligramu kadhaa, maana yake hii, la kufanya ni hili. Wakubwa waalikwe, wakae mbele, wasikilize. Kesho yake tuwaulize wananchi kama walitaka turudi kwenye utepe.

Nikimkumbuka yule mama, ninamkumbuka zaidi mtoto aliyekuwa mgongoni. Kamera ilipita juu ya kichwa chake mara mbili ikitafuta uso wa mgeni. Anaonekana wa mwaka mmoja na nusu. Meno yake ya ukubwani yameshaanza kuumbika, yamejificha ndani ya ufizi, na kila kikombe kinachotoka kwenye ile ndoo kinaandika juu yake maandishi ambayo mswaki hautayafuta. Ana miaka kama sita hivi ya kuokolewa. Mama yake yuko tayari kumwokoa hata leo usiku. Anachongoja ni kuambiwa.